Goti linaniachia nikigeuka: nipasuliwe au nifanye mazoezi?

SWALI

Daktari, shikamoo.

Nina umri wa miaka 25, nacheza kandanda, nafasi ya winga. Ni karibu miezi miwili sasa tangu niumie goti la kulia. Nilikuwa kwenye kasi nikataka kumkata beki kwa ghafla. Mguu ukabaki umekita chini, kiwiliwili kikageuka. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia mlio ndani ya goti nikaanguka, na kabla giza halijaingia goti lilikuwa limejaa mpaka kilegesambwa hakionekani.

Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Nilifungwa bandeji, nikapewa dawa za maumivu, nikaambiwa nipumzike. Uvimbe umepungua sana na natembea bila magongo. Njia ikiwa imenyooka sina shida, lakini nikigeuka upesi au nikikanyaga mahali pasipo sawa, goti linateleza na kuniachia, kisha linavimba tena siku mbili tatu.

Nimefanya MRI. Ripoti inasema ligamenti ya msalaba ya mbele, ACL, ile kamba ya katikati ya goti inayofunga mfupa kwa mfupa, imekatika kabisa. Ligamenti ya ubavu wa ndani imechanika kwa daraja la pili. Na meniskasi ya ndani, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti, ina mpasuko. Daktari wa mifupa amenishauri nitengenezewe ACL mpya kwa kano za nyuma ya paja. Mtaalamu wa fiziotherapia anasema nifanye kwanza mazoezi ya miezi mitatu, kwa sababu wapo wanaoishi vizuri bila ACL. Nimsikilize nani? Kwa nini wasiishone tu ile iliyokatika? Mchezaji mwenzangu alichukuliwa kano ya chini ya kilegesambwa. Ipi ni bora? Na nikikubali, nitarudi uwanjani lini?

Nilisahau kusema: goti halinyooki mpaka mwisho. Linabaki limekunjika kidogo hata nikilisukuma kwa mkono.

Winga mwenye goti legevu

JIBU

Marahaba, na pole sana. Tunaanza na hilo ulilotaka kulisahau, maana ndilo lenye haraka kuliko yote uliyouliza.

Goti lisilonyooka wiki nane baada ya ajali huwa lina mojawapo ya sababu tatu. Ya kwanza ni kipande cha meniskasi kilichopasuka kwa urefu, kikapinduka na kukwama katikati ya kiungo. Hapo goti limefungwa, na hakuna zoezi litakalolifungua. Ya pili ni kisiki cha ACL yenyewe kilichoanguka mbele kikabanwa kati ya mifupa. Ya tatu ni misuli: goti lenye maji huizima misuli ya mbele ya paja, na ile ya nyuma hukaza muda wote.

Unaweza kupata fununu nyumbani. Lala kifudifudi kitandani, mapaja yakiwa juu ya godoro na miguu ikining'inia nje kuanzia juu kidogo ya kilegesambwa. Legeza misuli kwa dakika tano, kisha mtu atazame visigino kutoka pembeni. Kila sentimita 1 ambayo kisigino cha mguu mbovu kimekaa juu kuliko mwenzake ni takriban digrii 1 ya kunyooka uliyopoteza. Kisigino kikishuka polepole kadiri dakika zinavyopita, uwezekano mkubwa ni misuli na uvimbe, na dawa yake ni mazoezi. Kikigota palepale, huku ukisikia maumivu makali upande wa ndani kwenye mstari wa kiungo, kuna kizuizi: mrudie daktari wa mifupa wiki hii hii, usimalize miezi mitatu ya mtu yeyote. Meniskasi iliyokwama ikiwahiwa mara nyingi hushonwa. Ikicheleweshwa husagwa kila hatua mpaka kinachobaki ni cha kukatwa na kutolewa, na goti lililopoteza meniskasi hulika mapema.

Sasa ligamenti. Goti lina nne kubwa. Mbili ziko ubavuni, moja kila upande, nazo huzuia goti lisipinde kwenda ndani au nje. Mbili zimepishana katikati ya kiungo. Ile ya nyuma ni nene zaidi na huzuia mfupa wa muundi usirudi nyuma. Ya mbele, hiyo ACL yako, huanzia kwenye nundu ya nje ya fupa la paja, upande wa nyuma, ikashuka kimshazari kwenda mbele na ndani mpaka juu ya muundi. Urefu wake ni kama sentimita 3, upana wake kama sentimita 1. Ina mafungu mawili ya nyuzi: moja hukaza goti likikunjwa, jingine hukaza goti likinyooshwa. Kazi zake ni kuuzuia muundi usichomoke mbele, na kuuzuia usizunguke kwenda ndani kupita kiasi.

Hiyo kazi ya pili ndiyo unayoikosa. Ukitembea moja kwa moja, misuli ya paja inatosha kuishika mifupa. Ukigeuka huku goti likikaribia kunyooka, upande wa nje wa muundi hutangulia mbele ya fupa la paja. Goti likikunjika kufikia digrii 20 hadi 40 hivi, mkanda mpana wa ubavu wa paja huurudisha mahali pake kwa mshtuko. Kuteleza unakokusema ni huko kutoka na kurudi, na kila kunapotokea, gegedu inayofunika ncha za mifupa na meniskasi hubanwa katikati. Ndiyo maana uvimbe unakurudia. Kwa hiyo, lolote utakaloamua, mpira usiuguse sasa, hata wa kirafiki, hata ukicheza golini. Baiskeli ya kukaa mahali pamoja inaruhusiwa.

Ligamenti ya ubavu wa ndani isikutishe. Inapata damu ya kutosha, na mchaniko wa daraja la pili kwa kawaida hupona bila kisu ndani ya wiki kadhaa, pengine kwa msaada wa kishikizo cha goti chenye bawaba. Ila ipimwe upya kabla ya upasuaji wowote: daktari asukume goti kwenda ndani likiwa limekunjwa digrii 30, kisha likiwa limenyooka. Ubavu ukifunguka hata goti likiwa limenyooka, jeraha ni kubwa kuliko ripoti inavyosema. ACL mpya iliyowekwa kwenye goti ambalo ubavu wake umelegea hubeba mzigo usio wake, mwishowe inalegea nayo.

Kwa nini ACL isishonwe tu? Ligamenti ya ubavuni ikichanika, damu huganda kwenye pengo na tishu mpya hujengeka juu ya bonge hilo. ACL imezungukwa na ute wa kiungo; bonge huyeyuka kabla halijashika, na ncha zinakuwa zimechambuka kama kamba kuukuu. Kushona kulijaribiwa sana miaka ya 1970 na 1980, na nyingi zikaachia ndani ya miaka michache. Siku hizi wapo wapasuaji wanaoirudisha ACL iliyong'oka kwenye fupa la paja ikiwa bado nzima, tena mapema baada ya ajali, lakini kwa vijana wa michezo ya kugeukageuka hukatika tena mara nyingi zaidi kuliko kipandikizi, yaani kano inayowekwa badala ya ACL. Kwa muda uliokwisha kupita, wewe usiitegemee njia hiyo.

Tuje kwa wataalamu wako wawili. Wote wana hoja. Nchini Sweden vijana 121 waliokatika ACL waligawanywa kwa kura: kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine lilianza na mazoezi na kupewa nafasi ya kupasuliwa baadaye wakihitaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalieleza hali inayolingana ya magoti yao. Hiyo ndiyo hoja ya mtaalamu wako wa fiziotherapia, na ni nzito. Lakini kufikia mwaka wa tano, takriban nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa wamepasuliwa. Wachezaji wa kulipwa hawakuwamo. Na hakuna uhakika kwamba upasuaji hulinda goti lisilike gegedu miaka ya mbele. Anayekuahidi hivyo anaahidi kupita kiasi.

Anayefaa kuishi bila ACL ni yule ambaye goti halimwachii baada ya mazoezi ya kweli, na yuko tayari kubaki na michezo ya kwenda mbele: kukimbia, baiskeli, kuogelea. Wewe una umri wa miaka 25, mchezo wako wote ni kugeuka, goti tayari linaachia katika maisha ya kawaida, na kuna meniskasi ambayo huenda inashoneka. Ikishonwa ndani ya goti linalocheza, nyuzi hukatika. Maoni yetu: daktari wa mifupa yuko sahihi kuhusu upasuaji, na mtaalamu wa fiziotherapia yuko sahihi kwamba mazoezi yatangulie. Goti linalopasuliwa likiwa limevimba na halinyooki lina hatari kubwa ya kujaa makovu na kuganda. Kama hakuna meniskasi iliyokwama, lifikishe kwanza kwenye hali hii: uvimbe umekwisha au umebaki kidogo, linanyooka sawa na mwenzake, linakunjika angalau digrii 120, na unaweza kuinua mguu ukiwa umelala chali bila goti kulegea hata kidogo. Mtu mwenye bidii huweza kufika hapo ndani ya wiki 3 hadi 6.

Kuhusu kano ipi, watu hubishana kama mashabiki wa timu. Kano za nyuma ya paja, kwa kawaida mbili, hutolewa kupitia mkato mdogo chini ya goti upande wa ndani, zikakunjwa ziwe nyuzi nne. Kipimo cha kuangalia ni unene: chini ya milimita 8, hatari ya kukatika hupanda kwa vijana, na mpasuaji awe na mpango wa kuziongezea mikunjo au kubadili kano. Hasara zake ni udhaifu wa kukunja goti kwa nguvu mpaka mwisho, na mara nyingi kiraka cha ngozi chenye ganzi mbele ya muundi. Kano ya chini ya kilegesambwa huchukuliwa theluthi ya katikati, upana wa milimita 10 hivi, ikiwa na kipande cha mfupa kila upande. Mfupa hushikana na mfupa katika wiki 6 hadi 8, ilhali kano tupu huhitaji 8 hadi 12 kushikana na mfupa. Kwa vijana wa michezo ya kugeuka hukatika tena kwa nadra kidogo kuliko ya nyuma ya paja. Gharama yake ni maumivu ya kupiga magoti, pengine kwa miaka, na mara chache kilegesambwa kuvunjika. Ya tatu ni kano ya juu ya kilegesambwa: nene, nzuri, lakini misuli ya mbele ya paja huchelewa kurudi. Kano ya mtu aliyefariki usiikubali kirahisi kwa umri wako. Kwa vijana hukatika mara nyingi zaidi.

Kwako kuna jambo la ziada. Kano zinazotolewa nyuma ya paja husaidia kuushika ubavu wa ndani wa goti, na ubavu huo ndio ulioumia. Baadhi ya wapasuaji huziacha kwa sababu hiyo. Muulize wako ameliangalia vipi.

Hata hivyo, kano bora iliyowekwa mahali pasipo pake itashindwa, na hapo ndipo penye makosa mengi ya kiufundi. Mpasuaji hutoboa tundu moja kwenye muundi na jingine kwenye fupa la paja, akapitisha kipandikizi humo. Tundu la fupa la paja likikaa mbele mno, kipandikizi hukaza goti likikunjwa: ama goti linakataa kukunjika, ama kipandikizi kinavutika na kulegea. Likikaa juu mno, kipandikizi husimama wima. Vipimo vya kuvuta muundi mbele hutoka vizuri, lakini kuzunguka hakuzuiwi, na mgonjwa anarudi akisema goti bado linateleza. Tundu la muundi likikaa mbele mno, kipandikizi hugonga paa la kiungo kila goti linaponyooka na kusagika. Usiogope kumuuliza mpasuaji anafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwezi. Swali hilo lina maana kuliko jina la kano.

Upasuaji wenyewe huchukua saa moja hadi mbili, kwa ganzi ya mgongo au nusukaputi. Ukiwa umelegea, goti hupimwa tena. Kamera huingizwa kwa tundu dogo na vifaa kwa jingine. Meniskasi hushughulikiwa, kipandikizi hutayarishwa na kupimwa unene, matundu hutobolewa, kipandikizi huvutwa ndani. Upande wa paja hushikwa kwa kifungo kidogo cha chuma kinacholalia mfupa kwa nje, au kwa skrubu. Upande wa muundi mara nyingi kwa skrubu. Kabla ya kufunga, goti hukunjwa na kunyooshwa mara kadhaa kuhakikisha hakuna kinachogonga.

Uliza pia kuhusu nyongeza ya ubavu wa nje. Ukanda wa upana wa sentimita 1 hivi hukatwa kwenye ule mkanda mpana wa paja, ukapitishwa chini ya ligamenti ya ubavu wa nje na kufungwa kwenye fupa la paja ili kupunguza kuzunguka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wenye washiriki 618 wa miaka 25 na chini waliowekewa kano za nyuma ya paja, waliopata nyongeza hiyo walikatika kipandikizi asilimia 4 ndani ya miaka miwili, na wasioipata asilimia 11. Wewe uko kwenye ukingo wa umri huo na mchezo wako ni wa aina hiyohiyo.

Baada ya upasuaji, wiki mbili za kwanza zina kazi moja kubwa: kunyooka. Weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, goti lining'inie bila kuegemea kitu, dakika 10 mara kadhaa kwa siku. Usiweke mto chini ya goti hata kama unaleta nafuu; nafuu hiyo ndiyo inayolifundisha goti kubaki limekunjika. Kaza misuli ya mbele ya paja kila saa ukiwa macho. Magongo yaachwe pale unapotembea bila kuchechemea, si kwa kufuata kalenda. Lenga kukunja digrii 90 kufikia wiki ya pili na 120 kufikia ya sita. Meniskasi ikishonwa, ratiba hubadilika: mara nyingi hutaruhusiwa kupita digrii 90 kwa wiki 4 hadi 6, na kuchuchumaa kwa kina hungoja miezi kadhaa. Fuata maagizo ya aliyeishona, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuona mpasuko.

Kipandikizi kikiingia mwilini hupoteza uhai kwanza, ndipo mishipa midogo ya damu ikivamie na seli mpya zikijenge upya. Udhaifu wake mkubwa uko kati ya wiki ya 6 na ya 12, na kwa bahati mbaya ndio wakati maumivu yamekwisha na mtu anajiona amepona. Mgonjwa wa miezi mitatu asiye na maumivu hututia wasiwasi kuliko anayelalamika. Kukimbia taratibu huanza wiki ya 12 hadi 16, na tu kama goti halivimbi baada ya mazoezi na misuli ya mbele ya paja imefikia walau asilimia 70 ya nguvu ya mguu usioumia.

Uwanjani? Si kabla ya miezi 9. Watafiti wa Norway waliwafuatilia wachezaji waliotengenezewa ACL na kuona kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Lakini kalenda peke yake haitoshi. Nguvu ya misuli ya mbele ya paja ipimwe kwa mashine na ifike asilimia 90 ya mguu mwingine. Kuruka kwa mguu mmoja, mara moja na mara tatu mfululizo, kufike asilimia 90 pia, na utue bila goti kuangukia ndani. Mguu wa kushoto nao uko hatarini. Wengi hukatika ule wa pili wakiwa wanaulinda wa kwanza.

Homa, usaha kwenye kidonda, au goti linalozidi kuwa la moto na kuuma badala ya kutulia: rudi hospitali siku hiyohiyo. Kigimbi kikivimba na kuuma, au ukapata shida ya kupumua, ni dharura, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda mshipani. Na kama miezi miwili mitatu baadaye goti linagoma digrii chache kabla ya kunyooka, kwa mlio au maumivu ya mbele, huenda kinundu cha kovu kimeota mbele ya kipandikizi. Huondolewa kwa kamera, na mazoezi peke yake mara nyingi hayakitoi.

Utakapomrudia daktari, nenda na picha zenyewe za MRI kwenye diski, si karatasi ya ripoti pekee, umwombe akuonyeshe mpasuko wa meniskasi uko sehemu gani. Ukiwa ukingoni mwa nje, penye damu, unashoneka vizuri. Ukiwa ukingo wa ndani, huenda kipande hicho kikakatwa, na hapo ratiba yako ya wiki sita za kwanza itakuwa nyingine kabisa.